Koleo Badala ya Sindano

Jina la Paco Rabanne limetufikia kwa njia ya pua. Katika maduka ya manukato, Kariakoo au Mombasa, limezoeleka juu ya chupa ya rangi ya dhahabu yenye umbo la kipande cha dhahabu ya benki. Bwana harusi hujipulizia asubuhi ya shughuli, na asiye na uwezo hununua ya kuigiza kwa bei ya kutupa. Wachache kati yao wanajua kwamba jina hilo lilikuwa la mtu, na kwamba kabla ya kuwa harufu lilikuwa kelele: kelele ya vipande vya plastiki na chuma vikigongana juu ya mwili wa mwanamke anayetembea.

Onyesho lililompa sifa lilifanyika tarehe 1 Februari 1966 katika hoteli ya George V, Paris. Magauni yalikuwa 12, na mwenyewe aliyapa jina lisilo na unafiki: magauni 12 yasiyovalika, ya malighafi za kisasa. Wanamitindo waliingia peku, kwa muziki wa Pierre Boulez uitwao Le Marteau sans maître, yaani nyundo isiyo na bwana. Siku mbili baadaye chombo cha Kisovieti, Luna 9, kilitua mwezini salama, cha kwanza kufanya hivyo, kikatuma picha za ardhi ya huko. Dunia ya wakati ule ilikuwa imelewa kesho.

Ulevi huo ulikuwa na wanywaji wengi. André Courrèges alikwisha kuwavisha wanawake wa Paris nguo nyeupe ngumu na buti fupi, utadhani wanasubiri roketi. Pierre Cardin naye alikuwa katika njia hiyohiyo. Lakini ukiligeuza gauni lao ndani nje, unakutana na mambo ya siku zote. Kitambaa, hata kikiwa kizito au cha kung'aa, kimepimwa kwa futi, kimechorwa kwa chaki, kimekatwa kwa mkasi na kuungwa kwa uzi. Kesho yao ilikaa usoni pa nguo. La Rabanne ukiligeuza huoni mshono, kwa sababu haupo.

Tulitazame gauni moja kwa karibu. Kile ambacho kwa mbali kinafanana na magamba ya samaki ni visahani vya Rhodoid, plastiki nyepesi iliyo ngumu kiasi cha kutojikunja. Kila kisahani kimetobolewa matundu pembeni. Katika tundu hupita pete ndogo ya waya, iliyokatwa mahali pamoja. Fundi huifungua kwa koleo, na hapo pana ujuzi wake: haitanui, maana ikitanuliwa duara huharibika. Huipinda ncha moja mbele na nyingine nyuma, akaipitisha kwenye tundu la kisahani cha pili, kisha akairudisha mpaka ncha zikutane. Zisipokutana sawasawa, pete itakwaruza ngozi au kunasa soksi ya aliyevaa. Halafu anashika nyingine. Gauni fupi la kwenda dansini linaweza kula mamia ya visahani, na kila kimoja kimeshikamana na majirani zake wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia.

Kwa hiyo mavazi haya hayana mtande wala mshindio. Hayana upande wa nyuzi ambao fundi huutafuta kabla hajaweka mkasi. Mteja akinenepa, hakuna mshono wa kuachia, bali huongezwa safu ya visahani ubavuni. Gauni likiwa refu kupita kiasi, hakuna pindo la kukunja. Zinafunguliwa pete za chini na safu nzima inaondoka. Pasi haina kazi, na chaki haina pa kuandika. Ujuzi wote ambao msichana wa kushona hufundishwa miaka na miaka, kutoka kupima kiuno hadi kuficha uzi, unabaki mlangoni.

Nikilitazama jambo hili hivyo, sioni tena kwamba habari kubwa ya mwaka 1966 ilikuwa plastiki. Plastiki ilikwisha kujaa majikoni na ofisini. Habari ilikuwa kiungo. Rabanne alibadilisha namna kipande kimoja cha nguo kinavyoshikana na kingine, na kiungo kilipobadilika, zana ilibadilika. Zana ilipobadilika, mkono ukalazimika kujifunza upya, na nguo iliyotoka katika mkono huo haikuweza kufanana na za wengine hata kama mwenyewe angetaka ifanane.

Koleo hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1934 karibu na San Sebastián, katika nchi ya Wabaski huko Hispania, akaitwa Francisco Rabaneda y Cuervo. Mama yake alikuwa fundi mkuu katika karakana ya Cristóbal Balenciaga, bingwa ambaye washonaji wenzake walimheshimu kwa mkono wake wa kukata na kuunga. Baba yake, mwanajeshi wa upande wa Jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, alipigwa risasi na majeshi ya Jenerali Franco. Mwaka 1939 familia ikavuka mpaka na kuingia Ufaransa. Kijana akasomea usanifu majengo Paris, katika chuo cha Beaux-Arts, huku akijipatia fedha za matumizi kwa kuchora mikoba na viatu. Baadaye akatengeneza vifungo na mapambo ya plastiki na kuyauza kwa nyumba kubwa za mitindo, ya Balenciaga ikiwamo.

Hapo ndipo mambo yalipoungana. Pete na koleo ni vya mtengeneza mapambo. Hereni zake za plastiki zilikuwa tayari na visahani, tayari na matundu, tayari na waya. Alichokifanya ni kuikataza hereni isiishie sikioni. Aliiacha ishuke begani, ipite kifuani, ifike mapajani, mpaka pambo likawa vazi. Elimu ya majengo nayo ilikuwa na la kusema, kwa kuwa gauni la namna hii ni hesabu ya uzito. Kila kitu kinaning'inia mabegani, na kila pete inabeba zilizo chini yake. Pete za juu zikiwa dhaifu, gauni linamwagika sakafuni mbele za watu.

Mbunifu Coco Chanel, aliyekuwa tayari bibi wa zaidi ya miaka 80, anatajwa kuwa alisema huyo si mshonaji, ni mfua vyuma. Alikusudia kumshusha. Lakini kama maelezo ya kazi, hakukosea, na mtoto wa mshonaji sidhani kama aliona aibu. Alikuwa ameiacha sindano kwa makusudi, tena baada ya kukulia miguuni pa walioishika vizuri kuliko wote. Hilo si sawa na kuiacha kwa kutoijua.

Wala kiungo chenyewe hakikuwa kipya. Pete inayopita ndani ya pete nyingine ni kazi ya deraya, vazi la vita ambalo wapanda farasi wa Ulaya na wa nchi za Kiislamu walilivaa kwa karne nyingi, chuma kinachojikunja na kiwiliwili lakini kinachokataa ncha ya upanga. Rabanne alilitoa wazo hilo vitani akalipeleka dansini. Silaha ya kujikinga ikageuka nguo inayoacha ngozi ionekane kati ya kisahani na kisahani. Upya wake ulikuwa wa kuhamisha. Alichukua kiungo cha kale, akakikutanisha na malighafi ya wakati wake, juu ya mwili ambao hakuna aliyewahi kufikiria kuukutanisha nacho.

Kwamba malighafi huchagua zana yake, si siri ya Paris. Waganda walilijua hilo zamani. Gome la mtuba huvuliwa wakati wa mvua, likapigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, ya kwanza mipana na za baadaye myembamba zaidi, mpaka gome nene linatanuka na kulainika na kuwa nguo ya rangi ya udongo mwekundu. Shina lililovuliwa hufungwa kwa majani ya mgomba ili lipone na kuotesha gome jingine. Hakuna kitanda cha kufumia hapo, wala uzi wa kusokota, kuna nyundo tu na sikio la fundi. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa thamani mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingia katika orodha yake ya urithi usioshikika. Aliyekuwa wa kwanza kulipiga gome hakuanza kwa kulikata akalishona kama ngozi. Aliliuliza linataka nini, nalo likamjibu kwamba linataka kupigwa.

Sasa tugeukie majukwaa yetu ya leo. Ni nadra kwenda kwenye onyesho la mavazi, la chuo au la hoteli, usikute gauni la taka: vizibo vya soda, vijiti vya kunyonyea, kaseti zilizochomolewa utepe, vifungashio vya maziwa. Watu hupiga makofi, na pengine wanastahili kupigiwa, maana mazingira yetu yanahitaji kila anayeyakumbuka. Lakini mara nyingi ukisogea karibu unaona kilichofanyika. Ndani kuna satini iliyokatwa kwa pateni ya kila siku, imeshonwa kwa cherehani, ina zipu mgongoni. Juu yake vizibo vimebandikwa kwa gundi ya moto. Ukivibandua vyote, gauni la bibi harusi msaidizi linabaki zima, halikupungukiwa kitu. Hilo ni pambo, na pambo si dhambi, ila tusiliite jaribio. Fundi wa katambuga anayekaa kando ya barabara na kisu chake amekwenda mbali zaidi. Tairi limemfundisha kutoboa mpasuo mwembamba na kuupenyeza ukanda kwa nguvu, kwa kuwa mpira wenyewe hubana na kushika. Umbo la soli limetoka katika mpindo wa gurudumu. Malighafi ikiondoka, hakuna kiatu.

Kipimo hiki kinamgeukia Rabanne mwenyewe. Mwaka 1968 alitengeneza gauni la vibamba vya dhahabu na almasi, lenye uzito wa kilo 9 hivi, likavaliwa na mwimbaji Françoise Hardy. Picha zake ni maarufu mpaka leo. Mimi nikizitazama naona mtu aliyeacha kujaribu. Kiungo ni kilekile na mkono ni uleule, kilichobadilika ni bei. Miaka miwili nyuma, kisahani cha plastiki cha senti chache kilikuwa kimeuliza swali zito. Dhahabu haikuuliza chochote, ilikuja kujibu kwa sauti kubwa swali lililokwisha kujibiwa. Tofautisha na karatasi, aliyoijaribu mwaka 1967. Ile ilimrudisha darasani, kwa sababu karatasi haitaki pete na haipendi sindano. Ukiitoboa mstari wa matundu, umeielekeza pa kuchanikia. Jaribio lina tabia ya kugeuka mazoea mara tu linapopendwa, na fundi ndiye wa mwisho kugundua, maana makofi hayajapungua.

Halafu upo mwili. Kilo 9 ni uzito wa mtoto wa karibu mwaka mmoja, ukiwa mabegani usiku kucha. Chuma kwenye ngozi tupu ni baridi unapokivaa na moto taa za jukwaani zikikiwakia. Ukikaa, visahani vinachora duara mapajani, na ukiinuka unajulikana hata kwa aliye chumba cha pili. Audrey Hepburn alivaa mojawapo la magauni ya Rabanne katika filamu ya Two for the Road ya mwaka 1967, na anapendeza kwelikweli, lakini mwigizaji hulivua taa zikizimwa. Nguo ya kawaida hufanya kazi kubwa ambayo hatuishukuru: husahaulika. Ukishaifunga vifungo unaendelea na mambo yako. Ya Rabanne haikubali kusahauliwa hata dakika moja. Heshima yangu kwake hapa ni kwamba hakudanganya. Aliandika kabisa kwenye kichwa cha onyesho kwamba hayavaliki. Leo tunauziwa viatu vinavyoumiza na suruali zisizokalika, na hakuna anayetuandikia hivyo kwenye lebo.

Swali la haki linabaki hata hivyo. Aliyejaribu ni mwanamume, na waliojaribiwa ni wanawake. Katika maonyesho yake ya miaka hiyo aliwapandisha wanamitindo weusi jukwaani wakati nyumba nyingi za Paris hazikuwataka, na jambo hilo lihesabiwe upande wake. Lakini mbunifu anapotafuta mpaka wa malighafi, mpaka anaoukuta kwanza ni wa mtu mwingine: bega la mtu, ngozi ya mtu, pumzi ya mtu. Sidhani kwamba hilo linatosha kuliharamisha jaribio. Linatosha kumlazimisha mbunifu alivae kwanza mwenyewe, walau kwa saa moja, kabla hajamwita mwingine.

Kesho nayo ilikuwa na deni lake. Rhodoid ni asetati ya selulosi, na plastiki ya aina hiyo, ikikutana na joto na unyevu kwa miaka, huanza kuoza kwa ndani na kutoa asidi yenye harufu ya siki. Hukunjamana, hupasuka, na hewa inayotoka humo huwaharibia majirani. Wahifadhi wa makumbusho hulazimika kuitunza mahali pa baridi pasipo unyevu. Pamba na hariri za karne zilizotangulia zimelala makabatini zikiwa na nafuu kuliko nguo iliyotangazwa kuwa ya wakati ujao. Rabanne, aliyejiona pia kuwa mwenye kuona yajayo, alitabiri kwamba kituo cha anga cha Mir kingeanguka juu ya Paris siku ya kupatwa kwa jua, tarehe 11 Agosti 1999. Siku ikapita, Paris ikabaki. Mir ilishushwa katika bahari ya Pasifiki mwaka 2001. Kwa maneno alikuwa mtabiri mbaya, na hata plastiki yake ilikosea kuhusu miaka iliyokuwa inakuja. Mikono yake peke yake ndiyo iliyopatia.

Yuko mmoja aliyelipokea deni hilo mapema na kuligeuza kazi. Hussein Chalayan, mzaliwa wa Nicosia huko Saiprasi, alipohitimu chuo cha Central Saint Martins jijini London mwaka 1993, alizifukia nguo zake ardhini pamoja na unga wa chuma, akaziacha huko kwa wiki kadhaa, kisha akazifukua. Kutu ilikuwa imezichora. Duka la Browns likaziweka dirishani. Zana zake zilikuwa udongo na muda, vitu viwili ambavyo kila mwenye kabati hupigana navyo. Chalayan hakuacha kitambaa kama Rabanne alivyofanya. Alichoacha ni madaraka ya kuamua mwisho wa kazi utafananaje, na kwa mtu aliyetoka kufunzwa kudhibiti kila mshono, hiyo ni sadaka kubwa kuliko kuweka mkasi chini.

Biashara, kwa upande wake, ilipata njia ya kuzunguka uzito wote huo. Mwaka 1969 yalitoka manukato ya kwanza ya Rabanne, kwa ushirika na kampuni ya Puig ya Barcelona, yakaitwa Calandre, jina la kikingio cha chuma cha mbele ya gari. Mtu asiyeweza kuvaa chuma angeweza kunusa wazo lake. Kwa miongo iliyofuata, chupa ndizo zilizolipa pango. Sioni aibu katika hilo, kwa sababu karakana haziendeshwi kwa makofi. Hata hivyo, kuna la kujifunza: soko lilinunua jina lililotokana na jaribio na kuliacha jaribio lenyewe makumbusho. Rabanne aliachana na ushonaji wa juu mwaka 1999 na akafariki tarehe 3 Februari 2023 huko Brittany akiwa na miaka 88. Nyumba yake bado inatengeneza magauni na mikoba ya visahani vilivyofungwa kwa pete, na inauza.

Ndiyo maana nikisikia mbunifu kijana akisema amepata malighafi ambayo haijawahi kutumiwa, iwe ni ngozi ya samaki, nyuzi za katani au nyavu zilizookotwa ufukweni, simuulizi ameipata wapi. Namuuliza ameweka chini zana gani, na ameshika ipi badala yake. Akijibu kwamba bado anatumia cherehani ileile, pateni ileile na zipu ileile, namtakia biashara njema, kwani huenda anatengeneza nguo nzuri sana. Akinionyesha kidole chenye sugu mahali ambapo mshonaji hapati sugu, navuta kiti.

Vyuo vyetu vya ushonaji humkalisha mwanafunzi mbele ya cherehani siku ya kwanza na kumpa cheti mbele ya cherehani siku ya mwisho. Ni sawa, maana sare za shule na suti za harusi lazima zishonwe, na ada lazima irudi. Na asijifunze kuiacha sindano kabla hajaijua. Mtoto wa fundi wa Balenciaga ni ushahidi wa hilo. Lakini katika mwaka wake wa mwisho iwepo walau miezi mitatu ambayo mashine zimefungiwa stoo na ufunguo anao mkuu wa chuo. Mwanafunzi apewe kitu kimoja ambacho uzi haukishiki, aambiwe akivalishe mwili wa mtu, na mtu huyo awe yeye mwenyewe. Atakayefeli atakuwa amejua sindano yake inaishia wapi, na hilo cherehani haiwezi kumfundisha.